Bamvua Si Neno la Mtihani

Katika mwaka wetu wa kwanza wa masomo ya Kiswahili tuliulizwa kwenye mtihani: eleza maana ya bamvua na maji mafu. Niliandika kwamba bamvua ni wakati maji ya bahari yanapojaa sana na kupwa sana, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Na kwamba maji mafu huja mwezi ukiwa nusu, ambapo bahari haijai sana wala haipwi sana. Nilipata alama zote. Mwalimu aliweka alama ya vyema kwa kalamu nyekundu, nami nikaendelea na maisha yangu hapa Kampala, mbali na bahari kwa safari ya basi ya zaidi ya kilomita 1000, nikiamini kwamba neno hilo nimelimaliza.

Februari iliyopita neno hilo lilinifuata. Lilitamkwa mbele yangu juu ya mashua, nje ya mwamba, kaskazini mwa Mombasa, na mtu aliyekuwa akijaribu kutuepusha na hatari. Nililisikia vizuri. Niliweza kulitolea fasili pale pale. Sikufanya lolote, na nusura wenzetu wawili wapotee.

Ndugu wanafunzi, nanyi walimu wetu, hoja yangu ni moja. Sisi tunaosoma Kiswahili katika nchi za jirani tumefundishwa lugha ya bahari kama watu wanaopanga vyombo vya marehemu kabatini: tunavifuta vumbi, tunavihesabu, hatuvitumii. Na wale wanaoendesha kazi za majini wamekataa kukitumia Kiswahili kwa madai kwamba hakina maneno. Makundi haya mawili hayajuani, lakini yanasaidiana kufanya kosa moja, na anayelipia kosa hilo ni mtu aliye ndani ya maji.

Nieleze kwanza jinsi ilivyokuwa. Mimi ni mwanachama wa chama kidogo cha wazamiaji. Jina hilo lilituletea mzaha njiani, kwa maana kondakta wa basi, aliposikia kwamba sisi ni wazamiaji, alitaka kujua tunazamia meli ya kwenda nchi gani. Chama kina wanafunzi, wahadhiri wachache na watu wengine wa kazini. Tulijifunza kwenye bwawa la kuogelea, tukachanga fedha kidogo kidogo kwa miezi, tukapata vyeti vyetu baharini mwaka uliotangulia. Safari hii ilikuwa ya mwisho wa juma: Jumamosi kwenye matumbawe ya kina kifupi, Jumapili kwenye meli iliyozama.

Meli yenyewe ni MV Dania. Hiyo haikuzama kwa ajali. Ilikuwa meli ya kubebea mifugo, na ilipochakaa ilisafishwa, ikazamishwa kwa makusudi mwaka 2002 nje ya Bamburi ili iwe makazi ya samaki. Imekaa kwenye mchanga, kina cha mita 30 hivi. Kwa mzamiaji wa kawaida hapo ndipo karibu na mwisho wa ruhusa. Mita 30 ni mahali ambapo mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu, hewa ya mtungi inaisha upesi, na naitrojeni inaanza kumlevya mtu bila yeye kujua. Huwezi kukaa chini zaidi ya dakika 20 hivi, na kupanda ni polepole, na karibu na mita 5 unasimama kidogo ili mwili utoe ilichonywa. Haya yote tulikuwa tunayajua. Tulikuwa tumeyasoma kwa Kiingereza, tukayafanyia mtihani kwa Kiingereza.

Jumamosi ilipita vizuri. Jioni tulikwenda Fort Jesus kuona vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanna, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697 wakati Wareno wamezingirwa, ikachimbuliwa na wazamiaji kati ya mwaka 1977 na 1980. Mwenzangu mmoja alisema kwa fahari kwamba leo Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana wataalamu wake wa mambo ya kale ya chini ya maji, kama Caesar Bita. Tulilala tukiwa na furaha. Usiku mwezi ulikuwa mpevu, mweupe juu ya maji, na sote tukaupiga picha. Ni sisi tuliochagua tarehe hiyo, kwa sababu ya uzuri wa mwezi. Hapakuwa na hata mmoja, mimi nikiwemo, aliyeuunganisha mwezi ule na swali la mtihani.

Asubuhi tulipanda mashua. Alikuwepo kiongozi wetu wa kuzamia, mtu mwenye vyeti vingi. Alikuwepo nahodha, mzee wa makamo ya babu yangu. Na walikuwepo mabaharia wawili vijana. Kiongozi alitoa maelezo kwa Kiingereza. Alieleza umbo la meli, kina, muda, ishara za mikono. Kuhusu mkondo alisema unaweza kuwepo, kama anavyosema kila siku. Nahodha hakuulizwa kitu. Alikuwa amekaa tezini, mkono kwenye usukani, akiangalia kamba ya boya jinsi ilivyolala juu ya maji. Mimi nilikuwa karibu naye zaidi, nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, leo bamvua. Maji hayajasimama bado. Waambie wangoje."

Nikamjibu, "Ndiyo, mzee."

Basi. Hilo ndilo jibu la mwanafunzi aliyepata alama zote. Ndiyo, mzee, kisha nikaendelea kufunga mapezi yangu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusimama nikayarudia maneno yale kwa sauti. Sababu ni tatu, na zote zinawahusu wasomaji wa mkusanyiko huu. Ya kwanza: neno bamvua kichwani mwangu lilikuwa na fasili, lakini halikuwa na mwili. Sikujua kwamba bamvua likitamkwa na nahodha si habari za mwezi, ni amri. Ya pili: nilikuwa natunga sentensi. Mwanafunzi wa Kiswahili kutoka bara akikutana na Mmvita anaingiwa na hofu ya ngeli; nilitaka kumwuliza "mkondo utakuwa na nguvu kiasi gani?" kwa usanifu usio na dosari, na kabla sijamaliza kuupanga usanifu huo watu walikuwa wameanza kuruka. Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi: neno la mtu asiye na cheti, lililosemwa kwa lugha isiyo ya maelezo rasmi, niliona halina uzito wa kumkatiza mwenye cheti. Mimi, ninayesoma Kiswahili kwa shahada.

Tulishuka tukishika kamba. Kamba ilikuwa imekaza na kulala upande kama ya kite. Kwenye mita 10 hivi mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili aliachia mkono mmoja kurekebisha miwani iliyoingia maji, kisha wa pili. Akaondoka. Sijui neno jingine la kusema; hakuzama wala hakupanda, aliondoka tu, kama jani kwenye mto. Aliyepangwa naye akaachia kamba akamfuata, kama tulivyofundishwa. Sisi wengine tulikuwa chini yao na hatukuona. Tulifika kwenye meli, tukajibanza nyuma ya ubavu wake mahali mkondo usipofika, tukaona chewa mkubwa kwenye kivuli cha mlango na mzia wakiwa wamesimama juu ya sitaha kwa makundi. Ni mahali pazuri. Siwezi kuyafurahia tena bila kukumbuka kwamba wakati ule ule watu wawili walikuwa wanachukuliwa kuelekea bahari kuu.

Waliokolewa na nahodha. Alikuwa hajaondoa macho kwenye maji tangu turuke. Alimweka baharia mmoja omoni kutazama mapovu, na kwa sababu alijua maji yanakwenda upande gani na kwa kasi gani, alijua pa kutazama. Aliwaacha waibuke, akamwacha baharia wa pili na pipa la kuelea kwenye kamba yetu, akawafuata, akawarudisha. Kama dakika 20. Waliporudi mmoja alikuwa anatapika na mwingine alikuwa anacheka kicheko kisicho cha furaha. Kiongozi alisema ni kosa lao, waliachia kamba. Kweli waliachia kamba. Lakini nahodha aliponipokea mtungi wangu aliniangalia, akasema, "Nilikwambia bamvua."

"Nilisikia, mzee."

"Kusikia ulisikia."

Hakuongeza neno. Waswahili husema asiyejua maana haambiwi maana. Nilikuwa nikiidhani methali hiyo inawahusu wengine.

Sasa niwajibu wale watakaosema kwamba nimekuza jambo dogo.

Wa kwanza watasema: kuzamia ni taaluma ya kimataifa, na lugha yake ni Kiingereza, isitoshe, chini ya maji watu hawasemi, wanatumia ishara. Kifaa tunachovutia hewa kutoka mtungini kilitengenezwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau na Émile Gagnan, watu ambao hawakuwa wakishauriana kwa Kiingereza. Wafaransa mpaka leo wanafundishana kwa Kifaransa, Wajapani kwa Kijapani, na sijasikia kwamba maji yamewakataa. Ama ishara za mikono, zinafaa kwa waliokwisha kushuka. Uamuzi wa kushuka au kungoja hufanyika juu, kwenye mashua, kwa maneno. Siku ile ishara zetu zote zilikuwa sahihi, na neno moja lilikosa mtu wa kulibeba kutoka tezini hadi omoni, umbali wa hatua kumi.

Wa pili watasema Kiswahili hakina istilahi. Hawa ningewaomba wakae tezini siku moja. Jioni ile, badala ya kwenda na wenzangu, niliomba ruhusa nikae na mabaharia wakati wanaosha mashua. Nikasikia mkondo, maji kujaa na maji kupwa, maji yanayosimama, bamvua na maji mafu. Nikasikia kilindi, kipwa, mwamba, mlango wa mwamba. Nikasikia upepo wa kaskazi na wa kusi, na jinsi kila mmoja unavyobadilisha rangi ya maji. Kina wanakihesabu kwa pima, na kwao meli ile iko kwenye pima 16 au 17. Uzito unaoshusha kamba ni chubwi. Kuzibua masikio ni kuzibua masikio. Hakuna haja ya neno la Kilatini. Walikuwa na maneno ya kila kitu kilichotupata, na zaidi ya hayo walikuwa na maneno ya mambo ambayo maelezo ya Kiingereza hayakuyagusa. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza.

Na hapa nawageukia walimu wangu, kwa heshima. Kila mwaka tunaandika kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tunaitolea maana ya nje na maana ya ndani. Nani kati yetu amewahi kuiona ngama? Mimi niliiona Jumapili ile kwa mara ya kwanza, nikiwa nimeinama kusaidia kufuta maji machafu yaliyochanganyika na mafuta, na ndipo nilipoelewa kwamba methali ile haisemi tu kwamba mtu hurudi kwao. Inasema hurudi pale pa chini, panaponuka, ambapo uzima wa chombo kizima unategemea kama kuna mtu anayekumbuka kuchota. Miaka miwili ya kuifafanua haikunipa hilo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tunafundishwa kwa kusimama.

Wa tatu watasema kwamba haya ni mambo ya starehe. Mganda ana kazi gani na meli zilizozama Mombasa? Hili ni pingamizi la maana, na nitalijibu kwa ziwa letu wenyewe.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Walioshuhudia wanasimulia kwamba ilipopinduka iliendelea kuelea kwa muda, na watu walisikika wakigonga kutoka ndani. Tumbo lake lilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, nayo ikaenda chini. Wazamiaji walitoka mpaka Afrika Kusini kuja kusaidia kutoa miili. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya watu 200. Mtu mmoja alitolewa hai baada ya siku mbili, kwa sababu alikuwa kwenye chumba kilichobaki na hewa. Novemba mwaka huo huo mashua ya starehe ilizama upande wetu, karibu na ufuo wa Mukono, wakafa zaidi ya 30. Na Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 19 walikufa, 24 walipona.

Tazameni nani anayefika kwanza. Ni mvuvi. Hana mtungi, hana miwani, hana cheti, lakini yuko pale. Mvuvi huyo katika visiwa vya ziwa hili, hata akiwa Mganda au Mjaluo au Msukuma, anaelewana na mwenzake kwa Kiswahili. Elimu ndogo ambayo ingemsaidia, yaani hewa iliyofungiwa ndani ya chombo hufanya nini, mtu aliyetolewa majini alazwe vipi, mlango wa chombo kilichopinduka utafutwe upande gani, imo kwenye vitabu vya Kiingereza katika makabati ya vyama kama chetu. Simlaumu aliyetoboa meli mwaka 1996, alitaka kuokoa. Ninalaumu kwamba karibu miaka 30 baadaye bado somo la kwanza la kila mzamiaji halijamfikia mtu anayelihitaji kuliko wote, na halijamfikia kwa sababu sisi wenye lugha zote mbili tunatumia ujuzi wetu kujadili kama "mzamiaji" ni bora kuliko "mpiga mbizi".

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la nchi yetu liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia, kwa kuwa wengi wetu tulikua tukiambiwa kwamba hii ni lugha ya askari na wezi. Lakini lugha rasmi bila kazi rasmi ni kofia tu. Kazi zipo, na baadhi yake ziko majini.

Ninapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji kikao cha kuunda istilahi. Kila idara inayofundisha fasihi na methali za pwani iwapeleke wanafunzi wake siku mbili kwenye chombo, baharini ikiwezekana, ziwani isipowezekana, na wafanye kazi humo, wasiwe abiria. Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu wakakusanye maneno kwa wavuvi na manahodha, wawalipe muda wao, na wawataje kama wenye maneno hayo. Vyama kama chetu vichukue masomo machache ya uokoaji, yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, yajaribiwe mbele ya wavuvi wenyewe kwenye mialo yetu ya Entebbe, Ggaba na Kalangala kabla ya kuchapwa. Na kwenye mashua yoyote itakayotubeba, nahodha aseme kwanza, kwa lugha yake, na mmoja wetu atafsiri kwa sauti ili kila mtu asikie.

Hilo la nne chama chetu tumekwisha kulipitisha. Haikuwa rahisi. Mjumbe mmoja alisema litachelewesha safari. Yule mwenzetu wa mwaka wa pili, ambaye hadi leo hajarudi majini, aliinua mkono akauliza litachelewesha kwa muda gani. Akaambiwa labda dakika tano. Akasema yeye alikaa juu ya maji dakika 20 bila kuiona mashua. Kura ikapigwa, hakuna aliyepinga.

Mtihani ukiniuliza tena maana ya bamvua, nitaandika kuhusu mwezi mpevu na maji kujaa na kupwa, kwa sababu ni kweli. Kisha nitaongeza mstari mmoja, hata kama hautapewa alama: ni siku ambayo nahodha akisema ngojeni, anayemwelewa anasimama na kuwaambia wenzake wangoje.